Jina Lako Liandikwe Daftarini: Mwongozo wa Daktari kwa Mwanamke Anayewauguza Wengine

Mama mmoja alimleta mjukuu wake mwenye homa katika kliniki ninayofanyia kazi. Alikuwa na umri wa miaka 46, anauza vitumbua alfajiri na mboga za majani jioni, na fedha za dawa alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Tulipomaliza kumhudumia mtoto nilimwomba na yeye akae tumpime presha, akanijibu kwa upole, "Mimi sijambo, daktari, nimemleta huyu tu." Mashine ilisoma 194 kwa 112. Kumbe alikuwa akiumwa kichwa kila alfajiri kwa miezi mingi, na muda wote huo aliamini kuwa ni moshi wa kuni.

Mwanamke hufika hospitali mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika kaya: amembeba mtoto, amemshika mkono mama mkwe, au amepanga foleni kuchukua dawa za mume. Lakini ukifungua daftari la wagonjwa, jina lake mwenyewe huandikwa anapokuwa mjamzito, kisha halionekani tena mpaka mimba nyingine, au mpaka siku anapoletwa na watu akiwa hajiwezi. Mwongozo huu nimeuandika ili jina hilo liandikwe mapema. Nimewafikiria hasa wanawake wa Tanzania wanaotegemea zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma, kwa sababu ushauri mwingi wa kujitunza unaosambaa siku hizi unamhusu mtu mwenye muda wa kupumzika na fedha za ziada. Kujitunza ninakokuzungumzia ni kuyagundua mapema magonjwa machache yanayowadhuru wanawake wengi, kwa vipimo ambavyo vipo na ambavyo vingi havina gharama kubwa.

Hatua ya kwanza: Tenga siku, na uigharimie kabla haijafika

Chagua siku moja katika mwaka ambayo utakwenda kituo cha afya kwa ajili yako, bila mtoto mgongoni na bila mgonjwa wa kumsindikiza. Mkulima ataiweka baada ya mavuno, na mfanyabiashara anaujua mwezi ambao soko hulala. Isiangukie siku zako za hedhi, kwa sababu kipimo cha mlango wa kizazi hakifanyiki vizuri ukiwa unatoka damu. Nenda asubuhi, na kama unaweza nenda bila kula, ili sukari ipimwe kabla ya chakula.

Gharama ambayo watu husahau kuihesabu ni kipato cha siku yenyewe. Mwanamke anayeuza chakula akifunga biashara siku moja, mtaji wa kesho unayumba, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya wengi kutokuja, ingawa sisi wahudumu tuna haraka ya kusema kwamba hawana mwamko. Ukiwa kwenye kikoba au kikundi cha upatu, lifikisheni jambo hili kwenye kikao: vikundi vingi vina mfuko wa jamii unaotumika kwenye misiba na magonjwa, na hakuna kinachozuia mfuko huo kumlipia mwanachama nauli na vipimo kabla hajaugua. Nimeona kikundi kilichopanga wanachama wawili wawili kwa zamu, mmoja akimshikia mwenzake biashara wiki hii na wiki inayofuata wakibadilishana, na ndani ya msimu mmoja wote walikuwa wamepimwa.

Uliza mapema ni huduma zipi hazilipiwi. Kwa sera ya afya ya Tanzania, huduma za wajawazito, uzazi wa mpango, na upimaji na tiba ya VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na uchunguzi wa mlango wa kizazi mara nyingi nao ni bure. Vipimo vya maabara kama wingi wa damu na sukari huenda ukavilipia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo pita ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji uulize kaya yako inajiungaje na inalipa kiasi gani, kwani kadi ya bima hukusaidia pale unapokuwa umeipata kabla ya kuugua.

Hatua ya pili: Andika habari zako kwenye daftari

Daktari katika hospitali ya umma anaweza kuwa na dakika chache tu za kukusikiliza, na dakika hizo zikienda katika kukumbuka tarehe, shida iliyokuleta haitaguswa. Nunua daftari dogo la shule na uandike mambo haya kabla hujatoka nyumbani: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, mimba zote ulizobeba, pamoja na zilizoharibika, na tatizo lililojitokeza katika kila moja, kama presha kupanda, kutokwa damu nyingi au kujifungua kwa upasuaji, magonjwa ya mama yako, dada zako na mama zako wadogo na wakubwa, na dawa zote unazotumia. Ninaposema zote ninajumuisha mitishamba, dawa za duka la dawa ulizopewa bila cheti, na dawa za kupunguza uzito. Hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza kwa kunywa mwarobaini, ila anahitaji kujua, kwa sababu baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za hospitali.

Kisha andika shida zako, ukianza na ile unayoionea aibu zaidi. Nasema hivi kwa kuwa nimejifunza kwamba mgonjwa wa kike mara nyingi hutaja shida ya kweli akiwa amesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, baada ya kueleza mafua na mgongo. Mkojo unaovuja, maumivu wakati wa tendo la ndoa, uchafu wenye harufu na uvimbe sehemu za siri ni habari za kila siku katika kliniki, na karibu zote zina tiba. Mkojo au haja kubwa inayovuja bila kukoma tangu uchungu wa muda mrefu wa kujifungua huweza kuwa fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa tiba hiyo bila kumtoza mgonjwa.

Hatua ya tatu: Pimwa presha, na hakikisha imepimwa sawasawa

Presha ndiyo ninayoianza kuipima kwa kila mwanamke aliyevuka miaka 30, na kwa kijana yeyote aliyewahi kupanda presha akiwa mjamzito. Ni ugonjwa usiouma. Kichwa kinachogonga, kizunguzungu na moyo kwenda mbio huja kwa baadhi ya watu tu, na wengi hupata kiharusi wakiwa hawajawahi kuhisi chochote.

Kipimo hiki hukosewa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mpimwaji anayejua utaratibu anaweza kujisaidia. Ukifika, kaa na upumzike dakika 5 kwanza, hasa kama umepanda ngazi au umetembea juani. Usiwe umekunywa kahawa au chai ya rangi ndani ya nusu saa iliyopita, na nenda chooni kabla, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Egemeza mgongo kwenye kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, usikunje nne. Mkono ulazwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, usifungwe juu ya mkono wa baibui au sweta. Mkanda ukiwa mdogo na mkono ni mnene, mashine itasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo una haki ya kuomba mkanda mkubwa. Usizungumze wakati unapimwa. Baada ya dakika moja au mbili pimwa tena, na uandike namba zote mbili kwenye daftari lako pamoja na tarehe.

Presha inayofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti inaitwa presha ya juu na inahitaji tiba. Ikifika 180 kwa 110 usirudi nyumbani kabla ya kuonana na daktari. Ukianzishiwa dawa, utazinywa kila siku, na hapa ndipo ninapowapoteza wagonjwa wangu wengi: mama hunywa dawa mwezi mmoja, presha inashuka, anasema amepona na kuacha, kisha tunaonana tena akiwa na mkono mmoja uliopooza. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa, na dawa ikikoma itapanda. Kama fedha ya dawa imekwisha, njoo useme hivyo waziwazi, kwa maana zipo dawa za bei nafuu zinazofanya kazi nzuri, na daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa. Mwambie pia kama unapanga kushika mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto aliye tumboni.

Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi iliyo kwenye viungo vya mchuzi vya vidonge, dagaa waliokaushwa kwa chumvi na chipsi za barabarani. Kutembea kwa haraka kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki kunatosha kuulinda moyo. Lakini sitamwambia mwanamke anayebeba ndoo za maji kilima kizima kwamba anahitaji mazoezi. Huyo anahitaji usingizi na mtu wa kumpokea ndoo.

Mshtuko wa moyo kwa mwanamke unaweza kuja bila yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana. Huweza kuja kama kuishiwa pumzi, uchovu wa ghafla usioelezeka, kichefuchefu, au maumivu ya taya, shingo na mgongo wa juu. Wanawake wengi wenye dalili hizi hupewa dawa ya vidonda vya tumbo. Ukiwa na presha au sukari na dalili hizi zikakujia ghafla, nenda hospitali wakati huohuo na uombe kupimwa moyo.

Hatua ya nne: Wingi wa damu na sukari

Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu ukiwa chini ya 12 ana upungufu, na kwa mjamzito kiwango hicho ni 11 katika miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho. Kuchoka ukipanda ngazi, kuhema, moyo kudunda, na hamu ya kula udongo au pemba zinazouzwa sokoni ni ishara zake. Vidonge vya madini ya chuma hufanya kazi vizuri zaidi vikinywewa pamoja na tunda lenye uchachu kama chungwa, na hufanya kazi kidogo vikinywewa na chai. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.

Hapa nina jambo la kukiri. Nilipokuwa daktari mchanga nilimpa mwanamke mmoja vidonge hivyo mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara damu yake ilipanda kidogo kisha ikashuka. Sikumwuliza hata siku moja hedhi yake ilikuwa ikitoka kiasi gani. Mwuguzi ndiye aliyemwuliza, akajibiwa kwamba hutoka siku 9, na kwamba analala juu ya khanga mbili zilizokunjwa juu ya pedi. Alikuwa na uvimbe wa kizazi uliokuwa ukimmaliza damu taratibu, nami nilikuwa najaza ndoo iliyotoboka. Hedhi inayozidi siku 7, inayokulazimu kubadili pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au inayotoa mabonge makubwa, si "maumbile yako" wala urithi wa kuvumilia. Ihesabu pedi, iandike idadi, na uombe kizazi chako kipimwe kwa utrasaundi.

Sukari hupimwa kwa tone la damu kidoleni. Kabla ya kula, ikifika 7.0 inatakiwa kurudiwa na kuthibitishwa. Aliyewahi kupata sukari ya mimba, au aliyejifungua mtoto mkubwa wa zaidi ya kilo 4, apime kila mwaka hata kama anajihisi mzima.

Hatua ya tano: Mlango wa kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania, na kati ya saratani zote ninazozijua ndiyo ambayo tungeweza kuizuia kwa urahisi zaidi. Husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono hukutana nacho wakati fulani. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki na kubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole sana: kwa mwanamke mwenye kinga imara safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo hakuna maumivu. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi na majimaji yenye harufu kali huja ugonjwa ukiwa umekwisha kupiga hatua, na ndiyo maana wanawake wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika wamechelewa.

Kwa kuwa kirusi hiki ni cha kawaida kiasi hicho, kugundulika nacho hakuthibitishi uasherati wa mtu yeyote. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona ndoa zikitikisika kwa karatasi ya majibu ambayo hakuna aliyeieleza.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na kwa mwanamke anayeishi na VVU miaka 25, maana hatari yake ni takriban mara sita ya ile ya asiye na VVU. Katika vituo vyetu vingi kipimo kinachotumika ni cha siki. Nitakieleza kinavyokwenda, kwa sababu hofu ya kutokujua imewarudisha wengi mlangoni. Utaingia chumba chenye faragha na utajifunika kwa khanga au shuka. Utalala chali, magoti yamekunjwa. Mtoa huduma ataingiza taratibu kifaa chenye umbo la mdomo wa bata ili auone mlango wa kizazi. Utahisi ubaridi na mgandamizo, na ukivuta pumzi ndefu na kulegeza mapaja unapungua. Atapaka pamba yenye asidi ya siki, atasubiri dakika moja, kisha atatazama kwa taa kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Basi. Unaweza kuhisi muwasho mdogo unaopita. Majibu unayapata papo hapo, kabla hujashuka kitandani.

Ukiambiwa kuna sehemu nyeupe, hujaambiwa una saratani. Maana yake ni kwamba huenda chembe zimeanza kubadilika, na mara nyingi zinaweza kuondolewa siku hiyohiyo kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa tiba ya joto, bila kulazwa na bila kuondoa kizazi. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaombwa kutofanya tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja. Omba mumeo aitwe aelezwe ikiwa unaona itakuwa vigumu kumweleza mwenyewe. Watoa huduma wengi watafanya hivyo kwa hiari. Majibu yakiwa safi, rudia baada ya miaka 3, na kama unaishi na VVU rudi mapema zaidi kwa ratiba utakayopewa kliniki. Pale ambapo kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe kipo, kichague: ni makini zaidi, huweza kurudiwa baada ya miaka 5 hadi 10, na sampuli unaweza kuichukua mwenyewe nyuma ya pazia.

Siku hiyohiyo muulize muuguzi kuhusu chanjo ya kirusi hiki kwa binti yako. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Haina uhusiano wowote na kumzuia mtoto asizae baadaye.

Hatua ya sita: Matiti

Yajue matiti yako yalivyo katika hali ya kawaida, ili badiliko lijionyeshe lenyewe. Siku chache baada ya hedhi kwisha, simama mbele ya kioo mikono ikiwa kiunoni kisha juu, na baadaye ukioga upapase kwa matumbo ya vidole, pamoja na kwapani. Uvimbe mgumu hata usiouma, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni au inayotoa damu, vyote vinataka daktari ndani ya siku chache, wala si baada ya kumaliza chupa ya dawa ya kuchua. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini uthibitisho hutolewa kwa kupima kipande kidogo cha nyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe, haupatikani kwa kushikashika peke yake.

Hatua ya saba: Mimba, na siku 42 baada yake

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umekadiria 556. Ni kazi kubwa iliyofanywa na wakunga, madereva, maabara na akina mama wenyewe. Vifo vilivyobaki vina sababu zinazojulikana: kutokwa damu, kifafa cha mimba, maambukizi.

Anza kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12, hata kama mila ya kwenu inaificha mimba changa. Lengo ni mahudhurio yasiyopungua 8. Ukiwahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba hapo awali, litaje hilo siku ya kwanza, kwa sababu dozi ndogo ya aspirini inayoanzwa mapema kwa maelekezo ya daktari hupunguza uwezekano wa kujirudia. Kichwa kikali, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba, damu ukeni, maji kuchuruzika, na mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kama hakuna usafiri, piga 115 bila malipo: ni namba ya mfumo wa m-mama, unaompatia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Wengi hulegeza ulinzi mtoto akishazaliwa, ilhali kifafa cha mimba, damu na maambukizi vinaweza kumjia mama hata baada ya kutoka wodini. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku arudipo kazini. Mfanyakazi wa ndani naye ni mwajiriwa. Nawakumbusha wanawake wenye nafasi wanaosoma hapa: kujitunza kwako kusijengwe juu ya mwili wa binti unayemnyima siku ya kliniki.

Hatua ya nane: Nafsi, na nyumba isiyo salama

Huzuni, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kulia bila sababu, kutokuhisi chochote kwa mtoto: mambo haya yakidumu zaidi ya wiki mbili yanaitwa sonona, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Sala na mashauri ya wazee vinaweza kwenda sambamba na tiba. Ukianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu mmoja leo, na aende nawe hospitali.

Ukipigwa au kulazimishwa kingono, mahali pa kwenda ni kituo cha mkono kwa mkono, kinachotoa matibabu na msaada wa kisheria mahali pamoja, kama kipo hospitalini kwenu, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi saa 120. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zifunge kwenye khanga au karatasi. Fomu ya polisi ya PF3 ina umuhimu wake mahakamani, lakini ukiwa na jeraha kubwa anza kutibiwa na uiombe fomu tibani.

Hatua ya tisa: Ndani ya chumba cha daktari, na baada ya kutoka

Una haki ya kuomba mtoa huduma wa kike, kuwa na mtu wako wakati wa kupimwa, na kuvutiwa pazia. Kabla hujainuka uliza maswali matatu: nina tatizo gani, dawa hii ni ya muda gani, na dalili ipi initie wasiwasi nirudi. Jibu likija kwa lugha ya kitabu, sema, "Daktari, naomba unieleze tena." Ukiambiwa maumivu yako ni ya kawaida na moyo wako haujaridhika, uliza ni kipimo gani kimeondoa ugonjwa mwingine, au omba rufaa. Sisi madaktari tunawaamini zaidi wagonjwa wanaofanana nasi kwa mavazi na lugha, na mwanamke wa kijijini huuchukulia ukimya wetu kuwa jibu. Ni kosa letu, na ni juu yetu kulirekebisha, lakini mpaka tulirekebishe, swali lako ndilo linalotushtua.

Majibu ambayo hayakutoka siku hiyo yafuatilie mwenyewe, na usichukulie kuwa kutopigiwa simu ni dalili ya usalama. Andika kwenye daftari namba ya faili, jina la kipimo na siku ya kurudi. Kisha, ukiwa bado ukumbini, fungua ukurasa mpya na uandike tarehe ya mwaka ujao, umwonyeshe yule mliyekuja naye, naye aandike yake.